Programu Aliyoificha Mama Pindo

Mimi naitwa Redio, na jina hilo sikupewa bure. Nikikaa kwenye ovaloki, mashine ya kufunga kingo za vitambaa, mdomo unakwenda pamoja na mguu, na Bosi wetu amechoka kunisihi nipumzishe angalau kimojawapo. Kwa hiyo hata mimi nilishangaa kwamba katika karakana nzima ya mapazia na sare za shule, ni mimi niliyeambiwa siri ya Mama Pindo. Nilimuuliza kwa nini mimi. Akajibu, bila kuinua macho kutoka kwenye sindano, "Wewe unaongea sana mpaka watu wameacha kukusikiliza." Nilinuna mpaka jioni, lakini siri yake niliitunza.

Tulimwita Mama Pindo kwa sababu ya kazi yake. Sisi wengine tulikata na kuunga, yeye alimalizia kwa mkono. Pazia alilolipinda yeye, ukilitazama kwa mbele huoni hata tundu la sindano. Wateja walipapasa kitambaa wakidhani ametumia gundi. Na hakumkabidhi mtu kitu kabla ya kukipeleka dirishani, akakigeuza ndani nje, akakivuta, akakikunja, akakitazama tena kwenye mwanga. Tulimtania kwamba hata leso ya kufutia jasho ataikagua.

Mumewe ndiye aliyekuwa mkaguzi kwa ajira. Alisimama kwenye lango la ghala moja kubwa, na mzigo haukutoka mpaka yeye aupekue. Karakana nzima ilimpenda. Kila alipopita mchana alituletea machungwa, akatusalimia mmoja mmoja, akamuuliza Bosi hali ya mgongo wake. Mimi aliniita shemeji, nami nilimwita shemeji. "Umepata mume wa kupigiwa mfano," Bosi alimwambia Mama Pindo. Naye alijibu, "Ndiyo, Bosi," akaendelea kupinda.

Huyo mume wa kupigiwa mfano, kila jioni baada ya kula, alikaa mezani akingoja simu ya mkewe. Mama Pindo aliiweka mwenyewe, pembeni mwa chupa ya chai, kama anavyoweka kijiko. Binti yao akiwa pale pale anafanya hesabu za darasa la pili, baba alifungua simu akapitia: waliopiga, waliopigiwa, meseji, picha, hata zilizofutwa. Hakupandisha sauti. Akimaliza aliirudisha kwa mikono miwili. "Ahsante, mke wangu."

Nilipoambiwa hayo nilisema ningeitupa hiyo simu chooni. Mama Pindo akaniambia kwamba yeye aliwahi kusahau kufuta namba ya mwanafunzi mwenzake wa zamani. Mumewe hakumpiga wala hakumtukana. Asubuhi aliondoka na mtoto, akafunga mlango kwa nje, akachukua funguo zote. Akafanya hivyo wiki nzima. Ile wiki naikumbuka, maana shemeji alikuja na machungwa akatuambia mkewe ana homa kali, asisumbuliwe. Tulimtumia salamu za pole. Alizifikisha.

Mtu mmoja tu alikuwa amewahi kumwambia huyo bwana ukweli usoni, naye ni dada mkubwa wa Mama Pindo, anayeishi mji mwingine. Tangu siku hiyo namba ya dada ilipigwa marufuku. Na hapo ndipo ilipoingia habari ya kuficha.

Mama Pindo hakumwendea fundi simu, maana fundi simu ana mdomo kama wangu. Alijifundisha mwenyewe, wakati wa mapumziko, amekaa nyuma ya marobota ya vitambaa. Aliweka programu mpya ya kutumiana meseji, ambayo mumewe hakuijua, kisha akaingia kwenye mipangilio akaificha. Alama yake ikatoweka kwenye kioo. Ili kuifungua ilikuwa lazima upitishe vidole viwili kwenye kioo kitupu, kisha uandike tarakimu za siri. Alinionyesha mara moja. Kioo kilikuwa na saa, kamera, tochi na picha ya mtoto. Akapitisha vidole, na dada yake akatokea.

"Uchawi huu," nikasema.

"Ni pindo tu," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akijisifu.

Naye aliikagua kama anavyokagua pazia. Akazima milio na arifa. Akatafuta programu kwa jina lake kwenye sehemu ya kutafutia, isionekane. Akaangalia orodha ya vitu vinavyokula chaji, akaangalia duka la programu, akaangalia matumizi ya bando. Kila palipobaki alama alipasafisha. Kisha akanipa mimi simu. "Jifanye wewe ni yeye. Tafuta." Nilitafuta mpaka macho yakaniuma, sikupata kitu. Nilifurahi kuliko yeye, na wakati huo huo nilielewa kwamba mtu hapindi vizuri hivyo kwa mchezo.

Mpango ulikuwa Ijumaa. Siku hiyo mumewe angekuwa kwenye hesabu ya mali ghalani mpaka jioni. Mama Pindo angemchukua mtoto shuleni mapema, wapande basi, na usiku wawe kwa dada. Nguo za mtoto alizileta kazini moja moja, amezibana ndani ya blauzi yake, na tulizificha kwenye gunia la vipande. Nilikalia gunia hilo kila siku kama kuku. Kama mpango ungefika masikioni mwa mumewe, Mama Pindo alijua asingepokonywa simu. Angepokonywa mtoto. Aliwahi kuambiwa hivyo, taratibu, mezani, binti akiwa anachonga penseli.

Kwa kuwa alikuwa mwangalifu, kila meseji aliyoandika au kupokea aliifuta hapo hapo. Na kwa kuwa kila kitu kilifutwa, kesho yake alishikwa na wasiwasi: je, dada ameelewa siku? Anajua kwamba mtoto yumo? Basi akaandika tena. Asubuhi akaandika, mchana akaandika, maneno yale yale kwa mpangilio ule ule, kama mtu anayerudia kuhakikisha amefunga mlango. Nilimwambia dada yake atachoka. Akasema heri achoke.

Alhamisi mchana shemeji akaja, na machungwa yake. Alisalimia mmoja mmoja. Akaegemea meza ya kukatia, karibu kabisa na mashine yangu, akasema simu yake imezima na anataka kumwandikia dada yake, yule wa kwake yeye, kuhusu wageni wa Jumapili. Mama Pindo akampa simu bila kusita. Hakuwa na hofu yoyote. Aliamini kazi ya mikono yake, nami niliiamini.

Shemeji akaanza kuandika. Kisha akasimama, akatabasamu.

"Simu yako ina akili, mke wangu. Mimi nimeandika 'Dada' tu, yenyewe inaniletea neno linalofuata."

"Siku hizi zote ziko hivyo, shemeji," nikadakia. "Yangu hata kutukana inanisaidia."

Akacheka. Kidole gumba chake kilikuwa kinagusa yale maneno yanayojitokeza juu ya kibodi, moja baada ya jingine, na kila alipogusa alisoma, polepole, kama mtoto anayejifunza.

"Dada... Ijumaa... tunakuja... mimi... na mtoto... baba yake... asijue."

Mguu wangu ulibaki hewani juu ya pedali. Ile programu ilikuwa imejificha kila mahali, lakini kibodi ni moja kwa simu nzima, na kibodi ilikuwa imezoeshwa sentensi hiyo asubuhi na mchana mpaka imeikariri. Hilo hakuna aliyelifikiria, si yeye wala mimi.

Shemeji akakitazama kioo. Akafuta. Akaandika ya kwake, akatuma, akairudisha simu kwa mikono miwili.

"Ahsante, mke wangu." Akamgeukia Bosi. "Mgongo upake mafuta ya moto, Bosi." Akashuka ngazi.

Mama Pindo akanisogelea. "Ameelewa?" akaninong'oneza.

"Twende shuleni. Sasa hivi."

Tukachungulia dirishani. Shemeji hakuwa ameondoka. Alisimama upande wa pili wa barabara, mbele ya duka la vigae, uso ameuinua kwenye dirisha letu. Alipotuona akapunga mkono, kwa upole.

"Nikitoka sasa nitakuwa nimemthibitishia," Mama Pindo akasema. "Nikikaa, labda ataona ni upuuzi wa simu. Amecheka, umemsikia. Amecheka."

Akakaa pale pale dirishani, mahali pa kuonekana, akashika pazia akapinda. Nilimtazama akitia sindano, na nilimwonea huruma mpaka nikakasirika. Nilitaka kumtikisa mabega. Lakini na mimi nilikaa, nikaunga sare, nikaongea ovyo kuhusu bei ya vifungo, kwa sauti, ili chini asikie karakana iko kama kawaida. Pindo lile lilikuwa limepinda vibaya, kila mshono unaonekana. Kila tulipochungulia, alikuwepo. Tukachungulia tena, akawepo. Halafu tukachungulia, mbele ya duka la vigae hapakuwa na mtu.

Mama Pindo hakumuaga hata Bosi. Tulishuka mbio, tukasimamisha pikipiki, tukapanda wote wawili nyuma ya dereva huku akilalamikia uzito wangu. Sikumjibu, na wanaonijua wataelewa nilikuwa na hali gani. Mama Pindo alinishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaacha alama. Alikuwa anasema peke yake, "Shule haijafunga. Shule haijafunga bado."

Kweli haikuwa imefunga. Geti lilikuwa wazi nusu, na madarasani watoto walikuwa wanaimba jedwali la kuzidisha. Mwalimu wa darasa la pili alitoka mlangoni, chaki mkononi. Alipomwona Mama Pindo akasimama, akatabasamu kwa mshangao, akatutazama sisi wawili kwa zamu.

"Mwanangu," Mama Pindo akasema. "Nimekuja kumchukua."

"Baba yake amempitia muda si mrefu," mwalimu akasema. "Amechukua na madaftari yote. Tena tumemwimbia wimbo wa kumuaga, maskini, hakutaka kuniachia mkono. Baba amesema mnahama, na kwamba wewe umetangulia kwa dada yako." Tabasamu likaanza kumtoka. "Kwani mama, wewe hukusafiri?"