Haboba na Herufi Zilizogeuka

Harufu ya bluu ya kufulia, iliyokorogwa ndani ya uji mwepesi wa muhogo, ndiyo iliyotuamsha asubuhi nyingi katika nyumba yetu ya Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, miaka ile ya sabini. Bibi yangu, ambaye sisi Wanubi humwita haboba, alichapa mapambo kwenye shuka ili wanawake wayafuate kwa sindano na nyuzi za rangi. Alichonga maua kwenye vibao vya mti, akiondoa pasipotakiwa na kuacha ua limeinuka. Kisha alikigusisha kibao kwenye kitambaa kilicholowa bluu, akakiweka juu ya shuka na kukigonga kwa ngumi mara moja tu. Ushonaji ukiisha, shuka ilifuliwa na bluu ikatoka yote. Kazi yake haikuonekana tena, lakini mji mzima uliijua.

Likizo moja, nilipokuwa na miaka kumi, alikuja Mama Zaituni kutoka Koboko. Binti yake alikuwa anaolewa, naye alitaka shuka kumi na mbili zenye maneno KARIBU MGENI. Alituandikia kwenye karatasi, akaenda kulala kwa ndugu zake. Haboba hakuwahi kuingia shule. Alichonga herufi kama alivyoziona, siku mbili nzima, nami niliyejivunia kusoma nikamwambia ziko sawa. Alipogonga kibao kwenye shuka ya kwanza, maneno yakatoka yametazama nyuma. Mama Zaituni alikuwa amerudi, amesimama mlangoni.

"Mama, maneno hii iko kinyume," alisema. "Afadhali mimi natafuta mutu ya kusoma."

Haboba aliinamisha macho. Sikuwahi kumwona hivyo. "Wewe rudi kesho kutwa," akajibu. "Kama haiko sawa, beba shuka zako."

Kuuliza si ujinga. Mgeni alipoondoka, haboba aliketi mbele yangu kama mwanafunzi. "Nionyeshe, mjukuu wangu. Kosa iko wapi?" Niliinua ile karatasi kwenye mwanga wa jua, nikaigeuza, akaona herufi kwa nyuma, kama zilivyopaswa kuchongwa kwenye kibao. Akanitajisha moja moja, akirudia kwa sauti, mpaka akazijua zote. Muda wa kuchonga kibao kipya haukuwepo. Basi akachukua boksi la sabuni, akalisugua nta ya mshumaa, akaanza kuzikata herufi kwa wembe, mashimo matupu. "Hapa bluu inapita moja kwa moja," alisema. "Haina kugeuka."

Tumbo la A, kile kipande cha katikati, likadondoka, la R nalo likafuata. Alicheka, akakata boksi jingine, safari hii akiacha vijidaraja vyembamba vya kushikilia matumbo hayo. Sindano ingeziba mapengo ya vijidaraja hivyo. Tuliifua ile shuka iliyoharibika, kisha tukapaka bluu kwa kitambaa, shuka moja baada ya nyingine, mpaka ya kumi na mbili.

Mama Zaituni aliporudi alipitisha kidole juu ya maneno, polepole. "Nani iliandika?"

"Mimi," haboba akasema, kisha akayasoma mwenyewe, kwa sauti, bila kukosea. "Huyu alinifundisha." Nadhani nilikua kimo siku ile.

Vita vilipotukimbiza tulivuka mpaka wa Vurra kuingia Kongo, na vibao vyote vikabaki Arua. Huko ugenini haboba alinunua wembe, akaokota boksi sokoni, akaanza upya.

Leo nafundisha uchapaji. Wanafunzi wangu huchora shaba kwa ncha ya chuma ili wino ukae ndani ya mifereji. Huchora kwa mafuta juu ya jiwe, kisha hulilowesha, wino ukashika mafuta na kukimbia maji. Mambo hayo haboba hakuyaona, na mashine za siku hizi zingemaliza shuka zake kumi na mbili kabla chai haijapoa. Lakini kila mwaka darasa jipya huniuliza nilianzia chuo gani. Nawajibu bila haya kwamba nilianzia Arua, kwa mwanamke aliyejifunza kusoma akiwa na wajukuu saba, kwa sababu alikataa kazi yake isomeke vibaya.