Siku Niliyosema Nimetajwa

Aibu hii nimeimeza miaka miwili, na naisimulia leo kwa sababu shemeji zangu wanaisimulia kwenye kila sherehe, tena kwa kuitia chumvi, kwa hiyo bora muisikie kwangu mwenyewe.

Mimi ni mtafiti wa saikolojia ya tabia, mtoto wa wakulima wa kahawa wa Mbinga, na kazi yangu ni kuchunguza jinsi mtu anavyolielewa swali tofauti na alivyokusudia muulizaji (naomba msicheke bado). Siku hiyo tulishuka Lituhi kupeleka posa kwa kina Edda, binti niliyemfahamu nilipokwenda huko kufanya utafiti, mimi na baba mdogo Kastori, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga. Mila iko wazi: mshenga anasema, mwoaji anakaa kimya na kuangalia mkeka. Nilikaa kimya vizuri kabisa hadi baba yake Edda alipouliza, "Na kijana wenu anafanya kazi gani hasa?" na baba mdogo akajibu, "Anauliza watu maswali," na hapo akawa amemaliza.

Hapo ndipo nilipoamua kumsaidia. Nilikuwa na karatasi mfukoni, orodha ya machapisho yangu niliyoiandaa chuoni kwa ajili ya kuomba kupandishwa cheo (nani alinituma niibebe kwenye posa, sijui), nikaikunjua. Neno lenyewe la kitaalamu ni kunukuliwa, yaani mtafiti mwingine anatumia kazi yako na kuandika jina lako, lakini nikajiambia Kiswahili cha vitabuni kitawachosha wazee, ngoja niwape neno jepesi.

"Baba, mimi nimetajwa," nikasema. "Mpaka sasa nimetajwa zaidi ya mara mia."

Wazee wakatazamana. Nikadhani wamevutiwa. Shangazi yake Edda, mama mwembamba aliyekaa karibu na mlango, akauliza taratibu, "Umetajwa na nani, mwanangu?"

"Na wengi, shangazi. Yuko mama mmoja wa Iringa, yeye peke yake amenitaja mara sita. Wengine wako nje ya nchi, hata sijawahi kuonana nao."

"Hata kuonana!"

"Kabisa. Na nyingine mbili zinakaribia kutoka."

Baba mdogo akanivuta shati, mimi nikaona ananipongeza, nikaongeza kwamba kusema ukweli mara nyingine nimejitaja mwenyewe (kwetu hilo si la kujivunia, ila nilitaka nionekane mkweli). "Angalau huyu hakatai," mzee mmoja akanong'ona, na huko jikoni sufuria ikaanguka.

Kama hamjui, mjue sasa: binti akipata mimba, wazee humweka chini na kumuuliza ni ya nani, naye anamtaja mtu. Kwenye kikao kama kile neno halina maana nyingine, na mimi nililitamka neno hilo hilo, karatasi mkononi, kwa sauti, mbele ya watu ninaowaomba binti yao.

Edda ndiye aliyeniokoa. Alitoka jikoni akawaeleza kwa Kinyasa, kwa kirefu, na walipoelewa wakacheka mpaka baba yake akafuta machozi. Nami nikacheka, nikidhani yamekwisha. Ndipo shangazi akanyoosha mkono akaichukua ile karatasi.

"Haya maswali uliyokuja kuuliza huku kwetu, uliyauliza kwa lugha gani?"

"Edda alinitafsiria, shangazi."

"Muda gani?"

"Miezi minne."

"Basi nionyeshe hapa alipotajwa Edda."

Sikuwa na haja ya kutazama. Jina langu lilikuwepo, la mkuu wangu lilikuwepo, hata la mwenzangu aliyeniazima kinasa sauti tu lilikuwepo. Nikamtazama Edda, na yeye peke yake hakuwa anacheka, na nikaelewa kwamba alijua siku zote, alikuwa hajaniambia tu. Niliona haya kuliko nilivyowahi kuona maishani.

"Posa tumeisikia," baba yake akamwambia baba mdogo. "Mtarudi akishamtaja."

Tukala ugali na mbasa, samaki wa ziwani kwao, tukapanda kurudi Mbinga.

Ilichukua karibu mwaka. Niliandika upya makala kutokana na mahojiano yale, safari hii na Edda, tukibishana kila sentensi, na akafuta mahitimisho yangu mawili kwa sababu (alinieleza bila hasira) maswali yangu hayakuwa yakieleweka na yeye ndiye aliyekuwa akiyarekebisha kimya kimya njiani. Jina lake likawa la kwanza. Tuliporudi Lituhi, shangazi aliweka kidole juu ya jina hilo, akalisoma silabi kwa silabi, halafu akasema, "Haya, kaeni sasa."

Tangu siku ile nikienda ugenini orodha yangu inabaki chuoni, na akiwepo mshenga mimi naangalia mkeka. Makala yetu ile, kama mnataka kujua, hadi leo imenukuliwa mara moja tu, na aliyeinukuu ni mimi.