Wavu Nilioufua

Niliufua wavu wa baba mkwe wangu. Hilo ndilo kosa, na nalitaja mwanzo ili nisilikwepe nikiandika mengine. Niliufua kwa sabuni ya unga, ile ya bluu yenye harufu ya maua, nikausuuza kijitoni mara tatu, nikauanika juani siku nzima, nikaukung'uta, kisha nikaukunja kona kwa kona kama shuka la hospitali. Nilipomaliza nilirudi nyuma hatua mbili kuutazama. Nilijiona mtu wa maana.

Aliyekulia milimani Mbinga akisoma hapa ameshashika kichwa. Wa ziwani haoni tatizo liko wapi, na mimi ni wa ziwani. Nimezaliwa Lipingo, kwa watu wa usipa, wale dagaa wa ziwani wanaovuliwa usiku kwa taa. Kwetu wavu ukitoka majini unasuuzwa, unatolewa majani na magamba, unatandazwa mchangani mpaka ukauke. Mwenye wavu unaonuka anasemwa hadi kanisani. Hayo ndiyo niliyoyajua kuhusu nyavu, na nilidhani yanatosha.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ya watu binafsi ilipofunguliwa. Nilikuwa nimefanya kazi katika ghala la kahawa mjini Mbinga, kazi ya kukagua punje: iliyovunjika toa, iliyotobolewa toa, nyeusi toa. Niliipenda kuliko inavyofaa kuipenda kazi. Hata nyumbani nilichambua maharage mpaka mke wangu akasema tutakula mawe ili tumalize haraka. Kisha wanunuzi binafsi wakaja na malori yao, ghala likapunguza watu, nami nikawa miongoni mwa waliotolewa. Mke wangu alikuwa mjamzito. Tulipanda kwao, upande wa machweo, juu kabisa, ambako asubuhi isiyo na ukungu unaliona ziwa kwa mbali kama bati jipya lililoachwa chini.

Kwa Wamatengo kila ukoo una mgongo wake wa mlima kati ya vijito viwili. Wenyewe wanauita ntambo. Wa wakwe zangu ulikuwa umechimbwa ngoro kuanzia nyumbani hadi bondeni, mashimo ya mraba yanayofuatana, hivi kwamba ukiutazama kutoka mlima wa pili unafanana na godoro lililoshonwa vifungo. Kahawa ilikuwa juu, karibu na nyumba. Mahindi yalikuwa chini, na chini ya mahindi ulikuwa msitu wa kijitoni, na humo walikuwamo nguruwe pori.

Mwaka ule walikuwa wameanza kupanda mlima kuja shambani. Walikula safu ya chini, wakaja ya pili, wakaja ya tatu. Mama mkwe alikuwa akiamka na kwenda kusimama ukingoni, mikono nyuma, akitazama mahindi yaliyolala. Wote tulijua: mahindi yale ndiyo chakula chetu mpaka mwaka unaofuata, na mimi ndiye tumbo lililoongezeka, pamoja na la mtoto anayekuja.

Watoto wa kule wanaanza kuwinda kabla hawajang'oka meno ya utoto. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minane, na sikuwahi kumfukuza hata panya buku. Kwa hiyo baba mkwe aliponiita na kunipa gunia, nililipokea kama mtihani.

"Wewe ni mtoto wa nyavu," alisema. "Huu umetoboka. Angalia matundu. Kesho kutwa tunashuka."

Ulikuwa wavu wa kamba za magome ya miti, alioachiwa na baba yake. Ulikuwa mweusi. Ulinata mikononi. Ulinuka masizi na mafuta na damu ya zamani. Niliziba matundu yote kumi na moja, mafundo yakalingana, maana niliyapima kwa kidole. Lakini mafundo mapya yalikuwa meupe juu ya wavu mweusi, na jambo hilo sikuweza kulivumilia. Nilitaka baba mkwe aufungue gunia na aone kwamba binti yake hakuolewa na mtu wa hovyo.

Sabuni haikuwa yangu. Wakati wa uhaba tulikuwa tukifulia majani ya mpapai. Sasa maduka ya Mbinga yalikuwa yamejaa, na mke wangu alikuwa amejiwekea pakiti moja kwa ajili ya nguo za mtoto. Niliimaliza yote.

Asubuhi ya kuwinda kulikuwa na ukungu mzito. Tulishuka kimya, kama watu wanaoelea, kila mmoja akimwona wa mbele yake mpaka kiunoni tu. Wavu niliutandaza mimi kwenye njia ya nguruwe, rangi yake mpya ikifichwa na ukungu, majani yakaufunika, na kila mtu akachuchumaa nyuma ya sehemu yake. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndiye mwenye mbwa. Kazi yake ilikuwa kuzunguka na kuwasukuma nguruwe waje kwetu. Kabla hajaondoka, mbwa wake mmoja aliunusa wavu akapiga chafya mbili.

"Ana mafua," shemeji alisema.

Mimi nilijua palepale kwamba ni sabuni.

Nguruwe walikuja. Nilisikia miguu, matawi, pumzi. Halafu, hatua kumi hivi kutoka kwangu, wote walisimama kama waliofika ukutani. Kimya. Nikauona mdomo mmoja mrefu ukiinuliwa hewani, ukivuta, ukivuta. Kisha waligeuka na kupita katikati ya mbwa, wakaenda zao.

"Shemeji!" mwenye mbwa alipiga kelele kutoka juu. "Uliwaonyesha taa nini? Hawa si usipa, hawaji kwa taa!"

Watu walicheka. Nilicheka pia, nikiwa nimekikaza kijiti mkononi mpaka kikavunjika.

Tulirudia siku mbili zaidi, ikawa vilevile. Jioni ya tatu baba mkwe alitukalisha wanaume wote uani. Kule wanaamini wavu haukamati pale wawindaji wanapokuwa na ugomvi nyumbani. Nguruwe anausikia ugomvi kama anavyousikia mguu. Akauliza nani ana jambo. Kila mtu alitazama chini. Mwishowe jirani mmoja akakohoa, akasema, akimtazama shemeji bila kumtaja, kwamba wiki iliyopita alisikia sahani zikigombana nyumba ya pili.

"Ilikuwa kuhusu redio tu," shemeji alisema. "Mke wangu anataka kwaya, mimi nataka mpira."

"Redio au si redio," baba mkwe alisema, "utakaa nyumbani mpaka mpatane. Mbwa watakwenda na mwingine."

Shemeji, mtu aliyekuwa na jibu kwa kila kitu, alimkabidhi jirani kamba za mbwa. Ningeweza kusema wakati ule. Mdomo wangu ulikuwa umejaa maneno yote, ila hayakuwa yamepangika vizuri.

Kesho yake tulipokuwa tukishuka tena, nilimwona amekaa mbele ya nyumba yake akisuka kamba, akiwa ametugeuzia mgongo. Mbwa wake walimgeukia, wakasita, wakavutwa. Mkewe alikuwa mlangoni akilia kwa hasira. Siku ile nguruwe walisimama tena palepale, na safu ya sita ikalala.

Niliandika kukiri kwangu kwenye daftari. Nakala ya kwanza ilikuwa na maneno mengi mno. Ya pili ilikuwa kama barua ya kuomba kazi. Ya tatu ilikuwa na kosa la herufi, nikaichana. Nikiwa na ya nne nilimfuata baba mkwe kwenye kahawa, alikokuwa akikata machipukizi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona na daftari? Umeanza kutuandikia kodi?"

Nikafungua, nikaanza kusoma: "Mimi, mkwe wako, kwa unyenyekevu..."

"Funga hilo. Sema."

"Niliufua wavu."

Kisu chake kilisimama.

"Na nini?"

"Sabuni."

"Ya mche?"

"Ya unga, baba. Yenye maua."

Aliingia stoo akatoka na gunia, akautoa wavu, akazika pua humo. Alikaa hivyo muda mrefu, macho amefumba, kama mtu anayemtafuta mtu kwenye chumba chenye giza. Kisha akamwita mkewe.

Mama mkwe alikuja akasimama pembeni, kitenge kichwani, uso ameugeuzia migomba. Mimi na yeye, kwa heshima, hatutazamani. Alipokea wavu. Alinusa mara moja tu.

"Miaka yangu yote imeingia kijitoni," aliuambia wavu.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Mpaka siku niliyopewa, wavu ule ulikuwa umekaa juu ya meko yake tangu alipoletwa bibi harusi. Kila chungu cha maharage, kila ugali, kila kuni mbichi iliyomtoa machozi, vilipanda vikaingia kwenye zile kamba mpaka zikaacha kunuka watu na kuanza kunuka mlima. Nilidhani nimeondoa uchafu. Nilikuwa nimemfuta mama.

Nilikwenda kwa shemeji siku ileile, bila daftari. Alinisikiliza akiendelea kusuka.

"Kwa hiyo nimefungiwa ndani kama kuku anayeatamia," alisema, "kwa ajili ya maua?"

"Ndiyo, shemeji."

"Nguruwe wamedhani bwana harusi anapita." Alianza kucheka, akacheka mpaka akakohoa. Lakini macho yake hayakucheka, na nilistahili. "Na mke wangu amelia siku mbili. Nenda ukamwambie mwenyewe. Halafu uje, maana sasa atakayekaa ni wewe."

Nilimwambia mkewe. Hayo aliyonijibu sitayaandika.

Wavu ulirudi juu ya meko, na wakati unafukizwa moshi, mtu alitakiwa kulinda mahindi. Mtu huyo nilikuwa mimi. Kila alfajiri na kila jioni nilikaa ukingoni mwa msitu na debe tupu na kijiti, upande ambao upepo unatoka kwa nguruwe kuja kwangu. Shemeji alinikalisha mwenyewe siku ya kwanza.

"Nifanye nini?"

"Usifanye kitu."

"Wakija nitagonga debe. Lakini kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo ni hapo hapo. Usifanye kitu."

Ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kupewa. Siku ya kwanza nililaza nyasi zote zilizonizunguka zielekee upande mmoja. Siku ya pili nilipanga mawe kwa ukubwa. Siku ya tatu shemeji alipita, akayatazama mawe, akayavuruga kwa mguu na kuendelea na safari. Nikakaa juu ya mikono yangu.

Sijui ni siku ya ngapi nilipoacha kuyatafuta mawe kwa macho. Ukungu ulikuwa unaingia kwenye ngoro shimo kwa shimo, ukijaza hili kabla ya kumiminikia lile, mpaka mlima wote ukawa mabakuli mengi ya maziwa. Jani moja la mhindi lilikuwa likiangusha tone, linasubiri, linaangusha tone. Nilisikia kijito, kisha nikasikia kwamba kina sauti mbili, ya juu ya mawe na ya chini ya mawe. Mahali fulani chini sana, zaidi ya milima, lilikuwapo ziwa, na mama yangu labda alikuwa akitandaza wavu mchangani wakati uleule. Nilifikiri: hakuna punje ya kutoa hapa. Wazo hilo lilipita, na baada yake halikuja jingine kwa muda mrefu.

Nilipotazama, nguruwe walikuwa wamesimama mbele yangu. Jike mzee na wanawe watatu, nywele za mgongo zimejaa umande. Sikuwa nimewasikia wakija. Ni kama ukungu ulikuwa umeamua kuwa wao. Yule jike alinitazama, au alitazama mahali nilipokuwapo. Tulipumua. Halafu nikakumbuka mahindi ni ya nani, nikanyanyuka na kulipiga debe kwa nguvu zangu zote.

Hawakula safu ile. Wala iliyofuata.

Kuhusu wavu, sikuwa na ruhusa ya kuingia jikoni kwa mama mkwe, basi nilimtuma mke wangu.

"Muulize mama bado siku ngapi."

Alirudi. "Anasema utulie."

Baada ya wiki moja: "Anasema bado."

Baada ya wiki nyingine: "Ameunusa. Bado. Na anasema ukiuliza tena atauongezea siku."

Sikuuliza tena. Nilikwenda zangu kukaa.

Asubuhi moja niliporudi kutoka kulinda, wavu ulikuwa umewekwa kizingitini mwa nyumba yetu, mweusi, unanata. Mafundo yangu kumi na moja hayakuonekana tena. Kutoka ndani ya jiko sauti ya mama mkwe ilisema, bila kumwambia mtu yeyote, "Nendeni."

Shemeji alizunguka na mbwa wake. Hakuna aliyepiga chafya. Nilichuchumaa nyuma ya sehemu yangu na kusikia miguu ikija, matawi, pumzi, na safari hii haikusimama. Mdomo mrefu ulitokea kwenye ukungu. Kila kitu ndani yangu kilitaka kuruka mapema, kuhakikisha, kurekebisha. Nilikaa. Kichwa kikaingia, mabega yakaingia, wavu ukajaa kama tanga, ndipo niliposhika kamba na kuvuta. Alikuwa yule jike mzee. Shemeji alifika akikimbia na mkuki, akamaliza kazi kwa pigo moja, kisha akanitazama na macho yake yakacheka.

"Umenuka vizuri leo," alisema.

Paja la nyuma lilipelekwa jikoni kwa mama mkwe, kwa sababu moshi ulikuwa wake. Baba mkwe alisema hivyo mbele ya wote. Sikufurahi sana kama nilivyotarajia. Nilikumbuka umande mgongoni mwa yule jike.

Nguruwe waliobaki walihamia bonde lingine. Safu saba zilipotea, zilizobaki tulivuna. Mtoto alizaliwa mahindi yakiwa yamening'inizwa darini, na nguo zake za kwanza zilifuliwa kwa sabuni ya mche.

Tangu wakati ule, nikipewa kitu cha mtu nauliza kwanza kinatunzwaje. Bado nachambua maharage kupita kiasi. Lakini naweza kukaa, mikono ikiwa juu ya magoti, tangu ukungu unapoingia mpaka unapoinuka, na nisiguse kitu.