Mwanahawa, anayeyawekea matumbawe kivuli

Saa moja asubuhi, baridi ya Julai bado imekikalia kijiji cha Ipole, kusini mwa mji wa Tabora. Mwanahawa Lukumani amechuchumaa kando ya tuta la miche ya tumbaku, anapunguza nyasi kavu zilizolifunika kuikinga miche na jua. Anatoa konzi moja, anaacha nafasi kidogo, anatoa nyingine. Pembeni ya tuta kuna jiwe jeupe lenye vitundu vitundu. Majirani wanasema ni dawa.

"Waache waseme," anacheka. "Hilo ni kosa langu. Nimelibeba kutoka Mafia."

Jiwe hilo ni tumbawe lililokufa. Mwanahawa, miaka 46, mkazi wa Ipuli mjini Tabora, ana kazi mbili ambazo sijawahi kuzisikia kwa mtu mmoja. Kuanzia Juni hutunza vitalu vya tumbaku. Januari hupanda basi kwenda pwani, njia ile ambayo wapagazi wa misafara waliitembea kwa miezi, akatunze vitalu vya matumbawe kisiwani Mafia. Kote kuwili hulipwa shilingi elfu kumi kwa siku. Kuogelea hajui. Husubiri maji yapwe, akaingia hadi kifuani.

Ilianza miaka minne iliyopita, alipokwenda kumwangalia mdogo wake Tufaha, aliyeolewa huko, baada ya kujifungua. Aliwakuta kina mama wa mradi mmoja wakisafisha meza za chuma zilizozama majini, zilizopandwa vipande vya matumbawe. Ilikuwa Machi, maji ya uvuguvugu, jua la utosi. Akauliza mbona miche yao haina kivuli. Wakamcheka: mtu wa bara amekuja kuwafundisha bahari.

Msimamizi wao, Octavian, hakucheka. Alimweleza kwamba tumbawe ni mnyama, na mwilini mwake unaishi mwani mdogo mno, unaolipikia chakula kwa mwanga wa jua. Maji yakizidi joto, jiko hilo huharibika, na jua likiwa kali jiko hutoa sumu. Tumbawe huutimua mwani, likabaki jeupe. Hapo halijafa, lina njaa. Mwani ukirudi mapema, linapona.

"Nikamwambia, Bwana Octavian, sasa hiyo si tumbaku? Joto peke yake mche unajikaza. Joto na jua kali pamoja, unaungua."

Walitandaza neti ya kivuli juu ya meza moja, ikasaidia. Kisha Mwanahawa akaingiwa na haraka. Siku maji yalipopoa kidogo, aliitoa neti yote kwa mkupuo, jambo ambalo mzee Ngollo, mwenye shamba hili la tumbaku, asingemsamehe. Baada ya siku kumi meza nzima ilikuwa nyeupe, na haikupona. Jiwe lile la pembeni ya tuta limetoka kwenye meza hiyo.

"Miaka ishirini natoa nyasi kidogo kidogo, halafu baharini nikajifanya mjuaji. Niliumia, nakwambia kweli."

Kufunika moja kwa moja nako hakufai. Pasipo mwanga mwani haupiki, na tumbawe linadhoofu kwa njaa.

Mwaka huu joto lilirudi. Aprili meza yake ya vipande 48 ilipauka hata chini ya neti. Maji yalipoanza kupoa, alianza kuipunguza neti hiyo sehemu kwa sehemu, akaondoka Mei. Kama vipande vimekufa, mradi utaachana na neti, maana ni ghali, na yeye hataitwa tena. Octavian ameahidi kutuma picha leo.

Saa tano simu inalia. Anapangusa mikono kwenye kanga, anaisogeza picha karibu na macho, anahesabu kwa kidole. Mzee Ngollo anasimama na jembe lake.

"Thelathini na kimoja vina rangi," anasema hatimaye. "Kama chai. Kumi na saba bado."

Octavian anauliza kama watoe neti yote iliyobaki. Mwanahawa analitazama lile jiwe, kisha anarekodi ujumbe: "Leo toeni nusu tu. Nusu nyingine wiki ijayo."

Jibu linarudi kwamba Januari wanamsubiri, na safari hii neti zitatandazwa juu ya meza zote kumi za mradi. Anafuta macho kwa mgongo wa mkono, na hafichi. Anasema jiwe atalirudisha Mafia, aliweke mlangoni pa banda la vifaa.

"Atakayekuja na haraka zake alione kwanza," anasema, na kuchuchumaa tena kwenye nyasi.