Mzee Aliyeisubiri Kesho Yangu

Wewe unayenisikiliza, nina hakika umewahi kupita mahali ambapo mtu asiye na pa kulala amekunyooshea mkono, nawe ukaanza kutafuta simu kwenye mkoba ingawa hakuna aliyekupigia. Usione aibu. Mimi nimefanya hivyo mara nyingi hapa Babati, na siku nyingine simu yenyewe haikuwa na chaji. Nataka nikueleze taratibu jambo lililonipata, kwa sababu nilidhani najua kumkatalia mtu kwa adabu, kumbe adabu yangu ndiyo iliyomponza.

Nina duka la pembejeo karibu na soko. Nauza mbegu, mbolea na dawa za wadudu, lakini kazi yangu kubwa ni kueleza. Mtu anatoka Sigino na jani la mhindi lililotobolewa, ananiwekea mezani, nami namweleza ni mdudu gani, dawa achanganye na maji kiasi gani, na kwamba apulize jioni, asipulize saa sita jua likiwaka. Nikimaliza namwambia naye anieleze, nione kama ameshika. Simharakishi mtu. Ndiyo maana wengi wananiita mama mbegu.

Maduka matatu kabla ya langu kulikuwa na duka la vifaa vya ujenzi ambalo lilikuwa limefungwa. Barazani pake alilala mzee mmoja, kitanda chake turubai la bluu. Habari zake nilizisikia vipande vipande. Alikuwa mlinzi wa shamba la mtu kwa miaka mingi, akiishi kwenye kibanda hukohuko shambani. Mwenye shamba akafariki, watoto wakauza, na aliyenunua hakuhitaji mlinzi. Hakuwa mlevi. Nalisema mapema kwa sababu ndilo swali la kwanza watu huniuliza.

Kila asubuhi nikitoka nyumbani Maisaka nilipita mbele yake, na kila nilipokaribia, nilianza kupekua mkoba. Niliogopa kwamba nikimpa leo atanifuata kila siku. Niliogopa kwamba nisipompa, bodaboda wanaopaki ng'ambo wataniona, nao hawana siri. Niliogopa hata harufu, halafu nikajiogopa mwenyewe kwa kuiogopa, maana Jumapili nakaa benchi la mbele kanisani.

Jumatatu moja, mvua zimeanza na kila mkulima anataka mbegu siku hiyohiyo, mzee aliniita.

"Mama, samahani."

"Shikamoo, baba," nikasema huku natembea.

"Marahaba. Mguu wangu umeharibika. Nisaidie nauli nifike hospitali wanisafishe."

Akauvuta mguu kutoka chini ya turubai. Ulikuwa umefungwa kitambaa, na kitambaa kimelowa. Alisema alikanyaga msumari wiki iliyopita. Sikutazama vizuri. Hela nilikuwa nazo, ila zilikuwa za chenji ya wateja, na kwa mbali niliwaona watu wawili wamesimama mlangoni pangu. Nikamwambia ninachomwambia kila mtu.

"Kesho, baba. Leo bado sijauza hata pakiti moja. Kesho nitakuletea."

"Kesho," akasema. "Sawa, mama. Mungu akubariki."

Hapa nieleze kidogo, ingawa nawe unajua. Kwetu, kumwambia mtu mzima "sikupi" ni ukali. Tunasema kesho. Muuza mitumba akikubembeleza, unamwambia kesho. Jirani akikualika na huna nafasi, unamwambia nitapita. Msemaji anajua na msikilizaji anajua, hakuna anayekwenda kungoja. Nilipomwambia mzee hivyo nilijiona nimemheshimu.

Jumanne nilipita njia ya nyuma ya soko. Nilijiambia nakwepa tope, ingawa huko nyuma ndiko kwenye tope zaidi. Siku hiyo sikuwa na akili. Mama mmoja aliniuliza dawa ya maharage, nikamweleza ya mahindi mpaka mwisho, akanisikiliza kwa heshima, kisha akaniuliza upya. Jioni nilirudi kwa njia ileile ya nyuma.

Jumatano nikachoka kujificha, nikapita mbele. Baraza lilikuwa tupu. Hata turubai halikuwepo. Nitakuambia ukweli: kwanza nilihisi nafuu. Nilitembea nayo hatua kama kumi hivi, kisha nikaanza kujiuliza mtu mwenye mguu ule amekwenda wapi, na kwa nini.

Bodaboda mmoja, yule mwenye maneno mengi, akaniita kutoka juu ya pikipiki yake.

"Mama mbegu, shikamoo. Mchumba wako kahama."

"Marahaba. Mchumba gani?"

"Si mzee wa turubai. Jana kakaa hapa kutwa anakuulizia. Kila akipita mama mwenye mkoba, anainua shingo. Tukamwambia, mzee, huyo anauza mbegu tu, ahadi zake hazioti."

Wenzake wakacheka. Nami nikacheka, kicheko cha kuficha.

"Ameenda wapi?"

"Wenye nyumba walikuja jioni wakamtoa, wanasema duka limepata mpangaji. Lakini naye mbishi. Jana mchana ilipita gari ya kanisa, ile inayobeba wagonjwa bure kwenda hospitali. Wakamwambia panda. Akakataa."

"Akakataa kwa nini?"

Bodaboda alitazama usukani wa pikipiki yake. "Kasema anakusubiri wewe. Eti umesema kesho."

Nilifungua duka, nikauza kwa muda ambao siukumbuki, kisha nikafunga. Mkulima mmoja alikuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye baiskeli. "Mvua haisubiri, mama," akanilalamikia. Nikamwomba radhi, nikaondoka.

Nilianzia stendi. Nikapita vibaraza vyote ninavyovijua, na nyuma ya magodauni, manyunyu yakiniloanisha kitenge. Kila niliyemuuliza aliniuliza jina la mzee. Sikulijua. Nimepita mbele yake karibu mwaka mzima, nikimwita baba, na sikuwahi kumuuliza jina.

"Ni nani wako?" muuza ndizi mmoja akaniuliza.

"Ni mtu niliyemwahidi kitu."

Akaniangalia kama mtu anayetaka kuuliza zaidi, akaacha. Alisema asubuhi amemwona mzee mwenye fimbo akichechemea kuelekea Nakwa.

Njia nzima ya Nakwa niliwaza msumari. Nimekulia shambani, najua kidonda cha msumari wenye kutu kinavyoweza kumuua mtu. Nilihesabu siku, nikahesabu tena, kana kwamba zingepungua. Nilitazama kila mtaro. Nikiona kitu cha bluu nakikimbilia, nikifika nakuta ni ndoo au nguo imeanikwa.

Nilimkuta kwenye mashine ya kusaga. Mwenye mashine, mama mnene aliyekuwa mweupe kwa unga mpaka kwenye nyusi, alikuwa amemruhusu alale juu ya magunia matupu.

"Ni ndugu yako?" akaniuliza. "Tangu asubuhi anatetemeka. Uji nimempa, hajamaliza. Nilikuwa naelekea kumwita mjumbe wa mtaa."

Nikachuchumaa. "Shikamoo, baba."

Alifungua macho, akanitafuta kidogo, akanipata. "Marahaba. Umechelewa kidogo."

"Baba, kwa nini hukupanda ile gari?"

"Ningepandaje? Ningepanda, halafu wewe ukaja na nauli, ukanikosa. Ungesema huyu mzee ni mwongo, hana kidonda wala nini."

Mguu ulikuwa umevimba mpaka juu ya kifundo, ngozi inang'aa. Tukambeba mimi na mwenye mashine mpaka kwenye bajaji. Mwili ulikuwa wa moto hata kupitia koti.

Hospitalini muuguzi alifungua kitambaa, akauliza, "Mlikuwa wapi siku zote hizi?"

Nilifungua mdomo nikiri. Mzee akaniwahi. "Tulikuwa tunasubiriana," akasema.

Walimchoma sindano ya pepopunda na nyingine za kuua wadudu. Daktari aliuchora mguu kwa kalamu pale uvimbe ulipoishia. Akanieleza vizuri, kama mimi ninavyowaeleza wakulima wangu: uvimbe ukiupita mstari ule, wataukata mguu. Usipoupita, watatafuta namna ya kuuokoa. Kisha akaniuliza kama nimeelewa. Nilielewa. Nilikaa kwenye benchi mpaka muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha, na kila nilipomtazama, niliutazama ule mstari kabla ya uso wake. Ndipo nikamuuliza jina. Akaniambia, na akaniambia pia la mama yake, ingawa sikuuliza.

Asubuhi niliwahi na chupa ya uji. Muuguzi akainua shuka. Uvimbe ulikuwa umesimama chini ya mstari. Walikata vidole viwili, mguu ukabaki.

Siwezi kukuambia kwamba nilimpa nyumba. Mwenye mashine ndiye aliyempa kona ya stoo, mzee analala humo na kuangalia magunia, na sijui mpango huo utadumu hadi lini. Anatembea kwa fimbo. Mara mojamoja hufika dukani akaomba. Nikiwa nayo nampa. Nisipokuwa nayo namwambia, "Baba, leo sina, na siwezi kukuahidi siku." Mara ya kwanza kusema hivyo nilitokwa na jasho. Yeye akasema, "Haya, mama," akavuta kiti, tukaongea habari za mvua. Hanifuati kila siku. Hofu ile niliibeba bure mwaka mzima.

Hofu nyingine bado ninazo. Akitokea mtu nisiyemjua akininyooshea mkono, bado naogopa, na huenda nawe utaogopa. Usisubiri hofu iishe ndipo uongee. Si lazima uwe na hela ndipo uweze kumjibu mtu vizuri, na hakuna anayekudai umalize shida zake zote ukiwa njiani kwenda kazini. Hilo nalisema ili usiogope kusimama.

Basi, akikuomba, simama, msalimie, muulize jina. Kama unayo, mpe. Kama huna, mwambie huna. Na ukimtajia siku, nenda siku hiyo, na ukikuta hayupo, waulize watu alikoelekea, umfuate.