Tepe Tano Kwenye Mlingoti

Kazini walimwita Rula. Jina alilipata ujanani, na alilistahili: alikuwa akitupia jicho mzigo na mwanya wa rafu, anasema unaingia au hauingii, nawe ukienda na futi unakuta hajakosea hata upana wa kidole.

Ghala lilikuwa na mashine za aina tatu, na umri wake aliumalizia humo. Alianza na toroli la mkono, lile unalolipiga pampu kwa mpini kisha unalikokota kama mbuzi mkaidi. Akapanda foklifti kubwa ya gesi, gari la kunyanyulia mizigo lenye chuma kizito mgongoni ili mzigo usilibinue, akashusha malori uani miaka tisa. Mwisho akakabidhiwa ile nyembamba ya betri, inayopita kwenye vichochoro vya rafu, dereva amekaa kiubavu, na uma zake, vile vyuma viwili vya mbele, zikinyooka kuchota paleti, yaani kichanja cha mbao chenye mzigo, rafu ya tano, jirani na bati.

Mwaka jana jicho lake la kulia liliingia ukungu. Kwa jicho moja lililobaki, kila kilichokuwa juu kilionekana bapa, kama picha iliyobandikwa ukutani. Mkewe alijua kabla hajaambiwa, maana chai ilikuwa ikimiminwa pembeni mwa kikombe.

"Waambie, baba watoto."

"Nikiwaambia watanirudisha kwenye toroli. Kwa mgongo huu?"

"Mgongo ni wako. Wanaopita chini ya hiyo mizigo je?"

Alimaliza chai, akaenda kazini.

Asubuhi moja aliwahi ghalani kabla ya wenzake. Akainua uma hadi rafu ya kwanza, akashuka, akapima kwa mti mrefu, akarudi kurekebisha. Zilipokaa sawa, akabandika utepe mwekundu kwenye mlingoti wa mashine, ile nguzo ya kupandishia uma, pale ulipofikia ukingo wa chuma cha ndani kinachopanda nazo. Akafanya hivyo hadi rafu ya tano. Tangu siku hiyo hakutazama juu tena. Alitazama tepe, na miezi kumi na moja hakukwaruza ubao. Wenzake wakasema mzee ameiva, sasa anaendesha kwa pua.

Jumatatu fundi alibadilisha tairi. Za zamani zilikuwa zimelika. Mpya zilikuwa nene, na mashine nzima ikainuka vidole viwili kutoka sakafuni, uma na vyote. Dereva mwingine angeliona hilo akitazama juu. Rula alitazama utepe wa tano, na utepe ukamwambia sawa.

Akasukuma uma. Zikagota ubao badala ya kuingia chini yake. Akadhani paleti imebanwa, akaongeza nguvu, na paleti ya sabuni ya unga ikateleza ikatokea upande wa pili, ikaanguka kichochoro cha jirani. Kishindo, kisha hewa yote ikawa nyeupe.

Katika kichochoro kile alikuwa akifanya kazi binti anayebandika vibandiko kwenye mizigo. Rula alimwita. Alizunguka rafu huku akishika kila nguzo, kama mtu anayejifunza kutembea.

Binti akatokea katika vumbi, mweupe kichwa hadi viatu.

"Baba, leo umeamua kunifulia nguo nikiwa nimezivaa?"

Kisha akakaa sakafuni. Alikuwa amekwenda kuchukua karatasi zake, hatua nne tu kutoka pale.

Msimamizi alifika akainama kwenye tairi. "Nilijua. Huyu fundi kafunga tairi bila kujaribu. Leo atanitambua."

Fundi alikuwa akifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono. "Mzee Rula, nisemee basi. Mashine ilikuwa na kasoro?"

Neno moja lingetosha, na Rula angebaki juu ya kiti chake. Alimtazama binti, ambaye alikuwa akijipangusa unga machoni.

"Mashine ni nzima," akasema. "Mimi ndiye nisiyeona."

Msimamizi akacheka, akingoja mzaha uishe. Kisha akaziona tepe. Akazifuata kwa kidole, moja hadi ya tano, na cheko likamkauka.

Hakuna aliyemwamuru kitu. Rula alizibandua tepe kwa kucha; ya tano iling'ang'ania, ikatoka vipande vipande. Akamwekea msimamizi ufunguo kiganjani, akaenda ukutani lilipoegeshwa toroli la mkono. Akalisukuma hadi chini ya paleti iliyoanguka, akapiga pampu mara tatu, mgongo ukalalamika mara tatu, akaanza kuikokota sabuni.