Tulivyomficha Sista Mkubwa

Tulikuwa masista watatu katika nyumba ya utume kijijini, upande wa Madaba. Sista mkubwa alikuwa akiongoza zahanati tangu mimi sijaingia utawani. Ndiye aliyenifundisha kuchoma sindano. Wa pili alifundisha chekechea. Mimi nilikuwa muuguzi, mdogo wao.

Sista mkubwa alianza kusahau. Mwanzoni tulicheka: alirudia zaburi tuliyokwisha kuisali, akatia chumvi mbogani mara mbili. Kisha nikamkuta mbele ya kabati la dawa, funguo mkononi, hajui alichofuata. Nilimweleza mwalimu wa chekechea.

"Amechoka tu," alisema. "Sisi tupo."

Basi kila alipotoa dawa dirishani, mimi nilimfuata mgonjwa nje, nikafungua bahasha na kukagua. Miezi minane tulifanya hivyo, tukauita upendo wa kijumuiya.

Nikaitwa semina Maposeni. Niliporudi kesho yake mchana, nilimkuta mama mmoja jirani yetu barazani, amempakata mwanawe wa miaka miwili. Mtoto alikuwa amelegea, jasho linamtoka, akiitwa haitikii. Nilichukua bahasha yake ya dawa. Alipaswa kupewa ya homa. Mle ndani mlikuwa na vidonge vya kisukari.

Nilimpaka mtoto sukari ndani ya mashavu, tukamkimbiza hospitali kwa gari la paroko. Alipona. Mama yake alinishukuru, na shukrani ile ikanichoma kuliko matusi.

Tulipobaki wawili jikoni, mwalimu wa chekechea alisema, "Mtoto mzima. Tusiseme. Wakijua watamwondoa, na hapa ndipo maisha yake yote yalipo."

"Na mtoto mwingine je?"

Aligeuka akachochea moto. Nilimpigia simu Mama Mkuu wa shirika letu jioni hiyo hiyo.

Walikuja kumchukua baada ya wiki mbili. Sista mkubwa alikunja shuka zake mwenyewe, akatuuliza, "Nani amenisema?" Mwalimu wa chekechea alinitazama. Nami nikatazama sakafu. Tangu siku hiyo tulisali pamoja, tukala meza moja, lakini alizungumza nami ya kazi tu. Kabla mwaka haujaisha aliomba uhamisho.

Tangu wamchukue Sista mkubwa, nilimaliza miezi mitano kabla ya kupata moyo wa kwenda Songea mjini, kwenye nyumba ya masista wazee. Nilimkuta akichambua maharage uani.

"Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, Sista."

"Milele amina. Marahaba, mwanangu."

Siku hiyo akili yake ilikuwa imetulia. Nikamwambia ni mimi niliyemsema, nikamweleza na habari ya mtoto. Alisikiliza bila kuacha maharage.

"Amepona kweli?"

"Amepona. Anakimbia."

"Basi ulifanya vema kusema." Akatupa jiwe pembeni. "Ila miezi minane mlikuwa mnakagua bahasha nyuma yangu. Mlimwambia nani? Mimi mbona hamkuniambia? Ningewapa funguo."

Nilitaka kusema tulimwonea huruma. Sikuweza, kwa sababu nilijua tulikuwa tumeogopa, tulijihurumia wenyewe. Nikamwomba msamaha. Alinisogezea nusu ya maharage, tukachambua mpaka kengele ya chakula ilipolia, akainuka akatangulia mezani.